Seti za kusomeshea darasa la kwanza na la pili: kipi kinunuliwe Unguja na Pemba, kipi kiachwe dukani

Maduka ya vifaa vya skuli pale Darajani, na mawakala wanaozunguka kwenye ofisi za elimu za wilaya mwaka ukikaribia kwisha, huuza kitu kimoja kwa majina mengi: seti ya madarasa ya mwanzo. Ni makatoni mawili au matatu. Ndani mna vitabu vidogo vya hadithi, kitabu cha mwanafunzi cha Kiswahili na cha Hisabati, chati za ukutani, kadi za silabi, vifaa vya kuhesabia na kiongozi cha mwalimu. Baadhi huongeza kisanduku cha sayansi, na siku hizi kuna zinazokuja na vishikwambi juu yake.

Tathmini hii imezipima seti hizi fungu kwa fungu, bila ya kufuata majina ya makampuni, maana katoni moja huweza kuwa na chati nzuri na vitabu ambavyo havimalizi masika moja. Anayetaka hukumu haraka aichukue hapa: nunua kiongozi cha mwalimu na vitabu vya kusoma, na hapo usibane senti. Chati chukua chache. Vifaa vya kuhesabia vipatikane hapahapa visiwani. Kisanduku cha sayansi nunua nusu yake. Vishikwambi vinahitaji mazungumzo marefu kabla ya kutia saini.

Kiongozi cha mwalimu kifunguliwe mwanzo

Wakala hutanguliza kitabu cha mwanafunzi, kwa sababu ndicho chenye rangi. Kiweke pembeni. Mwombe kiongozi cha mwalimu, na akisema hakijachapishwa bado kitakuja baadaye, maliza chai yako na umuage.

Chagua masomo matatu wewe mwenyewe, usichaguliwe: moja la wiki ya tatu, moja la katikati ya mwaka, na moja la wiki ya mwisho kabla ya mitihani. Somo la mwanzo wa kitabu huwa limepambwa. La katikati ndilo linaloonesha kama mwandishi alichoka. Lisome kila somo kama unaingia darasani kesho asubuhi. Chukua urefu wa kipindi cha skuli zenu, toa dakika tano za kukaa na kugawana vitabu, halafu gawa zilizobaki kwa hatua zilizoandikwa. Shughuli ya "kila mtoto aje mbele aandike jina lake" kwenye darasa la watoto 60, hata kwa dakika moja kila mmoja, ni saa nzima. Mwandishi aliyeandika hivyo hajawahi kusimama mbele ya watoto 60.

Kiongozi kibovu kina sentensi moja inayojirudia kila ukurasa: "Mwalimu awaongoze wanafunzi kujadili." Kujadili nini, kwa swali gani, na jibu linalotarajiwa ni lipi? Kiongozi kizuri huandika swali lenyewe, jibu, kosa ambalo watoto hulifanya, na la kufanya likitokea. Mfano wa kutazamia ni kutoa kwa kuazima. Kwenye 42 toa 17, watoto wengi huandika 35: wametoa 1 kwenye 4, kisha wakaigeuza safu ya mamoja na kutoa 2 kwenye 7, kwa kuwa wameambiwa kila siku "ndogo itoke kwenye kubwa". Kiongozi kinachoishia kwenye "jibu ni 25" hakimsaidii mwalimu mpya. Kinachosema "mtoto akipata 35 mrudishe kwenye mafungu ya vijiti, afungue fungu moja la kumi" kinastahili pesa zake.

Tafuta pia ukurasa unaosema la kufanya nusu ya darasa ikiwa haijaelewa. Seti nyingi hazina ukurasa huo kabisa. Zinakwenda somo la 14, la 15, la 16 kama gari isiyo breki.

Kuna suala la mtaala, na hapa ndipo ofisi zinapoteleza. Elimu ya msingi si jambo la Muungano. Mtaala wa Zanzibar uko chini ya Taasisi ya Elimu Zanzibar, na wa Bara uko chini ya taasisi nyengine. Mitihani ya taifa ya kidato cha nne na cha sita ndiyo inayotukutanisha. Kwa hivyo kitabu cha Fizikia cha sekondari kilichotoka Dar es Salaam huweza kutumika Chake Chake bila ya tabu, lakini seti ya darasa la kwanza iliyopangwa kwa muhtasari wa Bara huwa na mada zilizotangulia au kuchelewa. Jalada lililobandikwa karatasi ya "kwa skuli za Zanzibar" halibadilishi kilichomo ndani. Weka muhtasari wa somo wa hapa upande wa kushoto, yaliyomo ya kitabu upande wa kulia, na uunganishe mada kwa penseli. Mistari ikipishana sana, mwalimu atakuwa anarukaruka kurasa mwaka mzima.

Vitabu vya kusoma: hesabu silabi, usihesabu maneno

Hili ndilo fungu lenye tofauti kubwa kabisa kati ya seti na seti. Mawakala husema "kiwango cha kwanza, maneno matano tu kwa ukurasa". Kipimo hicho kimetoka kwenye lugha za watu. Kiswahili hubebesha neno moja mzigo wa sentensi nzima: "aliyemnunulia" ni neno moja lenye silabi nane, na "wanapokimbilia" lina saba. Ukurasa wenye maneno matano ya namna hiyo ni mgumu kuliko wenye maneno kumi kama "Kaka ana kuku. Kuku ana yai." Kwa nusu ya mwanzo ya darasa la kwanza, kitabu kinachofaa hukaa kwenye silabi mbili mpaka tatu, na vitenzi vyake havibebi zaidi ya nafsi na wakati.

Kipimo cha pili ni mpangilio wa herufi. Andika kwenye karatasi herufi zote ambazo kiongozi kinasema zimeshasomeshwa kufikia wiki ya sita. Fungua kitabu cha hadithi cha wiki hiyo, hesabu maneno 100 mfululizo, na kata kila neno lenye herufi au mwambatano wa herufi (kama mbw) ambao haujafundishwa. Yakikatwa matano au sita, si tatizo. Yakikatwa 30, mtoto hasomi tena. Anatazama picha na kubahatisha, na mwalimu atadhani anajua mpaka picha ziondoke darasa la tatu.

Seti zinazoanza na irabu tano kisha m, k, l, t, n, b humfikisha mtoto kwenye "mama", "kaka", "lala", "tano", "bibi" ndani ya wiki chache. Zinazofuata a, be, che, de mpaka mwisho zinapoteza muda kwa herufi zisizokuja mara kwa mara, huku m ikisubiri foleni. Michanganyiko ya ng', ny, mbw, ndw na mfano wake ikae mwishoni. Kitabu chenye ng'ombe kwenye ukurasa wa pili kimepangwa na mchoraji.

Dh, th, gh na kh zisomeshwe kwa sauti zake kamili. Mtoto wa hapa anazisikia nyumbani na chuoni, yaani chuo cha Qur'ani, tangu hajajua kusimama, na ni hasara kupata kiongozi kinachozifanya zote z, s, g na h kwa kuwa aliyekiandika hazitamki. Halafu kuna jambo ambalo karibu seti zote zimelisahau: watoto wengi hufika darasa la kwanza wakiwa wameshapita chuoni. Wanajua kwamba alama ina sauti na irabu hubadilisha sauti hiyo, na hiyo ni nusu ya kazi. Lakini wamezoea kuanza kulia kwenda kushoto. Seti inayofaa visiwani huweka nukta au mshale wa kuanzia upande wa kushoto wa kila mstari kwa wiki za mwanzo, na kiongozi humwambia mwalimu apitishe kidole. Ni wino kidogo tu, na humwokoa mtoto anayeonekana mzito kumbe anasoma vizuri kwa kinyume.

Tafsiri zinajulikana kwa dalili. Iliyo wazi zaidi ni chati au kitabu cha alfabeti kilichoandikwa A, chini yake tunda jekundu, na neno "Tufaha". Herufi ni A, neno linaanza na T, na tunda lenyewe ni la nchi za baridi. Tufaha analolijua mtoto wa Unguja ni jengine kabisa. Ukiliona hilo usiendelee na mengine. Dalili nyengine ni X na Q kuwekewa picha kwa lazima, c kusomeshwa peke yake ilhali kwa Kiswahili haitembei bila ya h, na mbwa anayelala kitandani na watoto. Hilo la mbwa si dogo: mzazi wa Micheweni atakirudisha kitabu skuli siku hiyohiyo, na haki anayo. Paka angefanya kazi ileile.

Maneno ya chakula na vitu vya nyumbani yaulizwe kwa mwalimu wa hapa. Mbatata, tungule, skuli: mtoto anayeyatumia haya nyumbani akikuta viazi, nyanya na shule hatakufa, na kuyajua ni faida. Lakini kwenye wiki za mwanzo, anapojaribu kulinganisha herufi na neno alilonalo kichwani, neno liwe analo. Hisabati nayo ina mitego yake: matatizo ya treni inayotoka kituo hadi kituo (treni ya Bububu ilikwisha zamani za mababu), au kununua kitu kwa senti. Sarafu zilizo mikononi mwa watu ni za shilingi 50, 100, 200 na 500. Mifano ya kununua ianzie hapo.

Karatasi, gundi na unyevu

Wanaoagiza kwa kutazama picha kwenye simu huanguka hapa. Hewa ya visiwa ina unyevu na chumvi, na masika ya Machi mpaka Mei hayana huruma na kitabu. Vipimo vinavyofuata havihitaji maabara.

Uzito wa karatasi. Wauzaji huahidi gramu 80 kwa mita ya mraba, na shehena huja na 60. Ukubwa wa A4 ni sehemu moja ya 16 ya mita ya mraba, kwa hivyo kitabu cha A4 chenye kurasa 64 za ndani, yaani karatasi 32, kina mita mbili za mraba kamili. Kwa gramu 80, ndani pana uzito wa gramu 160. Jalada la gramu 250 huongeza kiasi cha 31. Jumla ni gramu 191. Kwa karatasi ya gramu 70 kitabu kitakuwa 171, na kwa gramu 60 kitakuwa 151. Weka vitabu kumi kwenye mizani ya dukani: 1,910 au 1,510 haibishaniwi. Karatasi nyepesi huonesha maandishi ya upande wa pili, na mtoto anayejifunza herufi huona mistari miwili kwa wakati mmoja.

Mwelekeo wa nyuzi. Karatasi ina nyuzi zilizolala upande mmoja, na ikinyonya unyevu hutanuka zaidi kwa upana wa nyuzi kuliko kwa urefu wake. Nyuzi zikienda sambamba na uti wa kitabu, ukurasa hutanukia nje, hauna neno. Zikikatisha uti, ukurasa unataka kutanuka pale ulipobanwa na gundi, hauwezi, unajikunja mawimbi, na kitabu hakifungi tena. Kujua: kata kipande cha mraba cha sentimita 10 kutoka kwenye sampuli, weka alama upande uliokuwa kwenye uti, lowesha uso mmoja kwa kidole. Kitajiviringisha kama bomba. Bomba likiwa sambamba na uti, vyema. Likikatisha, mchapishaji amebana karatasi ili atoe kurasa nyingi kwenye shiti moja, na gharama unailipa wewe mwezi wa Aprili.

Kufunga. Kwa kitabu chembamba, pini mbili za mgongoni zinatosha, ila ziwe za waya usioshika kutu. Pini ya kawaida huanza kuacha doa jekundu kwenye kurasa za katikati, kisha hukatika na karatasi nne za kati hutoka pamoja. Kitabu kinene kishonwe kwa uzi. Kilichobandikwa kwa gundi ya moto peke yake hupasuka uti mtoto anapokikandamiza ili kilale juu ya deski, na kila mtoto hukikandamiza. Jaribu: fungua katikati mpaka mbawa mbili zilale, rudia mara 20, kisha vuta ukurasa mmoja taratibu. Ukitoka, basi.

Plastiki ya jalada inayong'aa huanza kubanduka pembeni, na chini yake huingia ukungu. Isiyong'aa hudumu zaidi, na haimrushii mtoto mwanga wa dirishani machoni. Sampuli moja ifungwe kwenye mfuko pamoja na kitambaa kilicholoweshwa na kukamuliwa, siku tatu, kisha itazamwe pembe zake.

Ukubwa wa herufi nao upimwe kwa rula. Kwa darasa la kwanza, herufi ndogo kama a na e isipungue milimita nne kwa urefu, na umbo la a na g liwe lile ambalo mtoto anaandika kwa mkono. Wachapaji wanapenda a yenye kofia. Mtoto anadhani ni herufi nyengine.

Chati

Tatu zinatosha: silabi, namba 1 mpaka 100, na moja tupu ya kuandikia na kufuta. Zilizobaki kwenye seti za chati 24 huishia juu ya kabati. Ukuta wa chokaa haushiki gundi ya karatasi wala utepe, kwa hivyo chati iwe na kijiti juu na kamba, na matundu yake yawe na pete za shaba. Itundike, simama kwenye deski la nyuma kabisa, mwite mtoto asome. Herufi za sentimita 5 husomeka kutoka mita saba. Za sentimita 2 ni pambo. Turubai la plastiki lililochapwa limezishinda karatasi zote, isipokuwa linaloachwa juani dirishani, ambalo rangi nyekundu yake hukimbia kabla ya nyeusi.

Vifaa vya kuhesabia: usinunue

Vipande vya plastiki vilivyoshikana kumi kumi vina faida moja, kwamba kumi ni kumi na haivunjiki. Ndiyo kasoro yake pia. Mtoto anayejifunza kuazima anahitaji kufungua fungu kwa mikono yake, na vijiti kumi vilivyofungwa kwa ukili au mpira hufunguka. Vijiti vya makuti vikatwe urefu mmoja, sentimita 12, vikaushwe, vipigwe msasa ncha. Kwa kuhesabia moja moja, komwe za bao hazina mpinzani: hazioti ukungu, wadudu hawazitoboi, zinakaa mkononi. Bao moja la kiswahili lina komwe 64, yaani watoto sita, kila mmoja komwe kumi, na nne zinabaki za akiba. Kwa maandalizi zisitumike, kwa sababu mtoto wa miaka minne huziingiza puani au mdomoni. Huko viwe vizibo vikubwa.

Kitu cha kununua hapa ni vifaa vya ubaoni: rula ya mita, pembe mraba na bikari ya chaki. Za mbao zinapinda zisipopakwa rangi pande zote mbili. Fundi seremala mzuri huzitengeneza, lakini alama za sentimita zipimwe kwa rula ya chuma kabla ya kulipa; kosa la milimita mbili kila sentimita kumi linaonekana dogo mpaka ufike mita.

Kisanduku cha sayansi

Chukua lenzi za mkono za plastiki, sumaku, kipimajoto cha spiriti nyekundu na vikombe vyenye alama za mililita. Kataa kipimajoto cha zebaki. Kataa unga wa chuma. Ukifunguliwa mara mbili tatu umekuwa kutu. Karatasi za litimasi (za kupimia asidi), zikiwa kwenye bahasha badala ya kichupa chenye kifuniko, zitakuwa zimebadilika rangi kabla ya mtoto kuziona.

Sehemu ya umeme huharibika kwa namna mbili tu. Balbu ya volti 2.5 huvumilia betri mbili, yaani volti 3. Mtoto akiunga ya tatu zinakuwa 4.5 na waya wa ndani unakatika. Agiza balbu za akiba kumi kwa kila kisanduku. Pili, betri zinazoachwa kwenye kikasha likizo nzima huvuja na kula chuma cha kikasha. Kisanduku kisicho na pahala pa kuweka betri peke yake kina kasoro ya muundo. Sumaku za fimbo zihifadhiwe mbili mbili, ncha zisizofanana pamoja, na vipande vya chuma mwishoni, au baada ya mwaka hazitavuta hata pini.

Vishikwambi

Ng'ambo ya mkondo, mkoani Tanga, yalifanyika majaribio makubwa ambayo kila anayeuziwa vishikwambi anapaswa kuyajua. Mashindano ya Global Learning XPRIZE yalipeleka vishikwambi aina ya Pixel C, vilivyotolewa na Google, kwa watoto wa vijiji takriban 170, wengi wakiwa hawajapata kwenda skuli. Programu zilikuwa za Kiswahili: kusoma, kuandika na kuhesabu. Mei 2019 timu mbili, Kitkit School na onebillion, ziligawana zawadi ya dola milioni 10, na programu za walioingia fainali zikaachiwa wazi kwa yeyote kuzitumia. Basi muulize wakala: programu iliyomo humu ni yako, au ni ile iliyotolewa bure? Kama ni ile, unalipia kifaa na kazi ya kuipakia tu, na bei ifanane na kazi hiyo.

Swali linalofuata ni la chaji. Betri ya miliampea-saa 5,000 kwa volti 3.7 hubeba wati-saa 18.5. Vishikwambi 30 ni wati-saa 555, na kwa kile kinachopotea njiani hesabu 700 kwa kuvijaza vyote. Paneli ya jua ya wati 200 hufika hapo siku ya jua, masika haifiki. Pemba imeungwa na umeme wa Tanga kwa waya wa chini ya bahari tangu 2010, lakini darasa lenye soketi moja ni lilelile. Kuunga nyaya za kurefushia moja juu ya nyengine ndiko kunakounguza. Seti iwe na kabati la chaji lenye matundu ya hewa na swichi yake.

Maudhui yafanye kazi bila ya intaneti kabisa. Zima mtandao mbele ya wakala, zima na kuwasha kifaa, kisha fungua masomo matano. Wengi hukwama hapa. Na kabla ya kufikiria skrini, ikumbukwe kwamba redio ilishasomesha hapa: mradi wa RISE, ulioanza 2006, ulipeleka masomo ya sauti kwenye vituo vya maandalizi vya Tucheze Tujifunze na madarasa ya mwanzo. Spika moja yenye kadi ya kumbukumbu hugharimu sehemu ndogo ya kishikwambi kimoja na huhudumia darasa zima.

Kutoa alama

Marekani, ambako wilaya za elimu huchagua vitabu zenyewe au kwenye orodha ya jimbo, asasi ya EdReports imekuwa ikitoa tathmini tangu 2015 kwa utaratibu wa milango mitatu: miwili ya mwanzo hutazama kama maudhui yanakwenda na viwango vya masomo, na wa tatu kama kitabu kinatumika kwa urahisi. Kilichoanguka mwanzo hakifiki mwisho. Wazo hilo linafaa kuchukuliwa, kwani jedwali letu la kawaida hujumlisha kila kitu, na seti isiyofuata mtaala hupata alama nzuri kwa rangi na picha.

Kwa hapa milango iwe hivi: muhtasari wa Zanzibar, kisha kiongozi na mpangilio wa herufi, kisha karatasi na kufunga. Jina la kampuni lifunikwe kwa karatasi. Walimu watatu wanaosomesha darasa la kwanza sasa hivi, mmoja wa mjini, mmoja wa shamba, mmoja wa Pemba, watoe alama 1 mpaka 5 kila mtu peke yake kabla hawajazungumza. Wakikaa pamoja mwanzo, mkubwa wao ndiye anayetoa alama zote. Wakipishana alama mbili au zaidi, wafungue ukurasa uliowapisha. Kutafuta wastani ni kuficha jambo.

Halafu seti iliyoshinda ipelekwe kwenye madarasa mawili wiki mbili, kwa mwalimu mwenye uzoefu mdogo. Mwalimu hodari husomesha vizuri hata kwa gazeti la jana, hatakuonesha kasoro ya seti.

Idadi na kupokea

Kitabu kimoja kwa watoto wawili, darasa la watoto 50: vitabu 25, akiba 3, mwalimu 1, jumla 29. Skuli yenye mkondo wa asubuhi na wa mchana hutumia hivyohivyo 29 ikiwa vitabu haviendi nyumbani, lakini vitachakaa mara mbili kwa kasi, kwa hivyo bajeti ya kubadilisha iwe ya mwaka wa pili badala ya wa nne. Vikienda nyumbani, kila mkondo una vyake.

Shehena ya Pemba ishushwe Mkoani au Wete kwenye vibao, isigusane na sakafu ya gati. Katoni za chini ndizo zinazolowa, na ndizo ambazo huwa za mwisho kufunguliwa. Katika kila katoni kumi fungua moja, na mojawapo iwe ya chini kabisa ya rundo. Pima vitabu kumi kwenye mizani, linganisha na sampuli iliyosainiwa na pande zote mbili wakati wa zabuni, na uandike uzito huo kwenye hati ya kupokelea kabla ya saini. Stoo iwe na rafu sentimita 15 juu ya sakafu na 10 mbali na ukuta, ili njia ya mchwa ionekane wakiwa bado nje ya katoni.